Bango la Ndani ya Uzio

Wifi yangu alikuwa ananuka, na katika ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyeweza kumwambia hivyo na akacheka. Si kwamba ni mchafu. Anaoga kuliko bibi harusi. Ilikuwa kazi yake tu. Kwa miaka mingi alikuwa mwangalizi wa mtambo wa majitaka wa mji wetu, pale nyuma ya machinjio, ambako kila kinachoteremka kwenye vyoo na masinki ya mji huingia kama kilivyo na hutakiwa kutoka kikiwa maji yasiyomdhuru mtu. Watoto wa mtaani wamempachika jina la Mama Povu, kwa sababu ya povu la kahawia linaloelea kwenye tangi lake kubwa. Wakimwita huwaitikia "Abee!" kama ameitwa na mkwe, halafu anawafukuza.

Mimi ni dobi. Maji yakitoka mtamboni huingia kwenye kijito, kijito kinapita chini ya mtaa wetu, na pale penye mawe bapa ndipo sisi wanawake tunapofulia. Maji ya bomba ni ya kunywa na kupikia, tena siku yakijisikia kutoka. Mashuka ya nyumba za wageni, sare za shule, makoti ya mafundi gereji, yote huteremka kijitoni. Kwa hiyo kazi aliyoifanya wifi asubuhi, mimi niliitia mikono mchana. Kaka yake, yaani mume wangu, husema tungefungua kampuni.

Kama ungetaka kumjua wifi siku zile, ungemtembelea kazini. Ungemkuta na ovaroli la buluu na mabuti ya mpira, anazunguka tangi huku ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza mota kama mama anayesikiliza mtoto akikohoa chumba cha pili. Kwenye birika la mwisho, kabla maji hayajaachiwa kwenda zake, wanafugwa perege wadogo. Ni desturi ya mtambo ule tangu ulipojengwa, na mzee aliyemwachia kazi alimrithisha na samaki. Wakichangamka, maji yanafaa. Wakianza kuhema juu juu, kuna jambo. Kila mmoja amempa undugu. Yule mnene asiyependa kusogea, kamfanya mume wangu.

Basi ile mashine ya kupuliza hewa kwenye tangi kubwa ikafa. Hewa ile ndiyo inayowaweka hai vijidudu vinavyokula uchafu, na isipokuwepo, maji hutoka karibu kama yalivyoingia. Fundi alifungua, akatikisa kichwa, akasema vipuri viagizwe kutoka mbali. Ofisi ya mji ikaenda mamlaka ya mazingira kuomba ruhusa ya muda: kwamba wakati wa matengenezo, mtambo uachie maji yasiyofikia kiwango, na mji usishtakiwe. Mamlaka ikakubali.

Nataka nieleweke hapa. Ruhusa yenyewe sina ugomvi nayo. Mashine ni mashine, huharibika, na huwezi kuwaambia watu wa mji mzima wasiende chooni mpaka fundi amalize. Waliotoa ruhusa hawakuwa wajinga wala wakatili. Waliweka masharti: watu wanaotumia kijito waonywe kwa bango, na waletewe maji kwa boza mpaka mashine ipone. Jambo la haki kabisa. Na mimi, niliyekuwa naingia kijitoni mpaka magotini kila siku ya Mungu, sikuwa na habari hata ya neno moja.

Nilichokijua ni kwamba mikono inawasha. Nikasema ni sabuni. Nikaenda kumgombeza muuza sabuni, maskini wa watu, mpaka akanibadilishia na kuniomba radhi kwa kosa asilolijua. Kisha binti yangu, anayenisaidia kusuuza akitoka shule, akatokwa na vipele miguuni, vikapasuka, vikawa vidonda. Mwenye nyumba ya wageni akanirudishia mashuka. Aliyasogeza tu puani kwangu. Nikayafua upya, kwa sabuni mpya, kwenye maji yale yale. Nikiyakumbuka hayo mpaka leo napandwa na mori.

Jumapili moja mchana nikaenda kwa wifi kuazima pasi. Uani kwake, kivulini, palikuwa na pipa la plastiki lililokatwa katikati. Nikachungulia. Mume wangu yule mnene alikuwa humo ndani, na ndugu zake wote.

"Wifi, hawa si wa kazini?"

"Ndio haohao."

"Wamepewa likizo?"

Akacheka. "Bosi kasema niwatoe. Maji si mazuri kipindi hiki cha matengenezo, wangekufa wote. Na wageni wakija wakakuta samaki wanaelea, ni aibu. Nikaona niwalete huku, nawabadilishia maji ya bomba."

"Maji gani si mazuri?"

"Yanayotoka mtamboni." Akanitazama. "Si mliambiwa?"

"Na nani?"

"Kuna bango. Na boza la maji." Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. "Wifi, boza haliji kwenu?"

Nilimnyooshea mikono yote miwili, akaiona ilivyobabuka katikati ya vidole. Kisha nikamweleza miguu ya mtoto, na hapo ndipo sauti iliponitoka, nadhani majirani wa pande zote walinufaika.

"Yaani samaki wamehamishwa, mimi nimeachwa humo! Samaki wameonewa huruma, wakatafutiwa na pipa! Mwanangu mimi hafikii perege?"

Wifi alikaa chini kwenye ngazi ya mlango. Alisema alilishuhudia bango kwa macho yake likichomekwa, na akaambiwa mengine ya mitaani yanafuata. Alisema mkurugenzi wa mji aliwakataza watumishi kuzungumzia suala lile nje, kwamba afisa habari ndiye atakayewatangazia wananchi kwa lugha nzuri, wasije wakapata hofu. Naye akaamini. Hakuwa akipita kijitoni, njia yake ya nyumbani ni upande wa pili. Aliponikuta nimekasirika siku za nyuma, alidhani ni mambo yangu na kaka yake.

"Nionyeshe hilo bango," nikasema.

Tukaenda vilevile, mimi na kanga ya nyumbani. Mlinzi akatufungulia geti. Na kweli, bango lilikuwepo. Zuri, jipya, herufi nyekundu: HATARI. MAJI HAYA HAYAFAI. USIOGE. USIFUE. Lilikuwa limechomekwa ndani ya uzio wa mtambo, kando ya bomba la kutolea maji, limeelekea tangi. Nilizunguka nikitafuta ni nani angeweza kulisoma kutoka pale. Nikawapata wawili: wifi yangu, na mlinzi. Mlinzi hafui kule wala haogi, na kwa jinsi nilivyosimama naye karibu, hilo la kuoga nina ushahidi nalo.

Wifi akampigia simu bosi wake, akaweka sauti ya juu nisikie.

"Bosi, bango liko ndani. Watu wanafua chini huku, hawajui kitu."

"Sharti linasema bango liwekwe mahali maji yanapotolewa," ile sauti ikajibu, bila hata haraka. "Hapo ndipo yanapotolewa. Tumetimiza."

"Na boza?"

"Boza lipo kwenye mchakato. Mama, hebu usituletee maneno. Wewe kazi yako ni mtambo."

Akakata. Nimeishi na watu waongo, nimewahi hata kupangishwa chumba na mmoja, lakini mwongo wa kawaida angalau hujisumbua kukudanganya. Hawa hawakusema uongo wowote. Walitimiza sharti, wakaweka tiki, wakatuacha tuoze miguu.

Wifi aliirudisha simu mfukoni. Ni mtu wa utaratibu, yule. Hajawahi kuchelewa zamu, hajawahi kujibizana na mkubwa, akipewa ovaroli jipya analisainia na kulishukuru. Alikwenda stoo akarudi na jembe, akaanza kulichimbua lile bango.

"Wifi," nikasema, na hasira zangu zote zikaniishia ghafla, "watakufukuza."

"Shika upande ule."

Tukalitoa. Mlinzi aliangalia angani kwa makini sana, kama anatafuta mvua. Tukalibeba mabegani, yeye mbele mimi nyuma, tukapita nalo machinjio, tukapita gereji, tukaingia mtaani mchana kweupe. Kila aliyeuliza alijibiwa, na ni yeye aliyejibu. Alisimama, akatua mzigo, akaeleza: mashine imeharibika, maji ni machafu, kuna ruhusa, mlitakiwa mwambiwe, mimi nilijua na nikadhani mnajua, nisameheni. Nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nasikia uchungu kumsikia akiomba msamaha kwa niaba ya watu ambao wala hawakuwa na mpango huo.

Tulipofika penye mawe bapa tulikuwa na msafara. Tukalichomeka pale, likaelekea watu. Wanawake waliojua kusoma wakawasomea wengine. Kisha mmoja akatoa mguu wake majini taratibu na kuutazama.

Kesho yake tulibeba mashuka, yale yaliyorudishwa, kila mtu na furushi lake kichwani, tukayatua mlangoni kwa mkurugenzi wa mji yakiwa bado mabichi. Hatukutukana. Jua lilipopanda yalijieleza yenyewe. Jioni ile boza likaja. Vipuri vilivyokuwa vimekwama njiani vikakwamuka, fundi akaonekana, na haikuchukua muda mota ikaanza kunguruma tena. Afisa wa mamlaka ya mazingira alipokuja kukagua, alilikuta bango mawe bapa, akasema hapa ndipo hasa palipotakiwa. Mkurugenzi akasimama kando yake, akakunja mikono, akapigwa picha. Picha hiyo iko ukutani ofisini mpaka sasa, unaweza kwenda kuitazama kama moyo wako una nguvu.

Wifi hakupigwa picha. Wifi aliitwa, akaambiwa amehamisha mali ya mji bila kibali na kutoa siri za ofisi. Hawakumfukuza, waliogopa mafurushi yetu. Walimwondoa mtamboni na kumpeleka geti la soko akakate tiketi, na mkata tiketi wa soko, kijana mpole asiyejua mota wala pampu, wakampeleka mtamboni kuziba pengo. Hivyo ndivyo walivyomlipa. Waliotuficha wanakunywa chai palepale walipokuwa, na aliyetuambia ndiye aliyeadhibiwa! Kila nikimwona getini na kile kikofia walichompa, ameinamisha kichwa upande mmoja akisikiliza mlio wa mizani ya muuza viazi, nataka kuvunja kitu.

Juzi alikuwa kwangu, tunakula mchana, mume wangu akimtania kwamba sasa ananukia vitunguu. Hodi ikapigwa. Alikuwa yule kijana wa tiketi, na ovaroli la buluu lililomzidi, jasho linamtiririka.

"Samahani, dada. Mashine inapiga kelele mbaya na kuna harufu ya kuungua. Nimeizima. Nampigia bosi, hapokei."

"Mwambie aendelee kutopokea!" nikadakia. "Wamemtupa kama ganda la muwa, leo ndio wanamkumbuka? Wamtafute aliyepigwa picha!"

Kijana akatazama chini. Hakuwa na kosa, na nililijua hilo, lakini nilishapanda juu na sikuona pa kushukia. Wifi alikuwa ameshanawa mikono. Alikuwa mlangoni, anatafuta viatu vyake kati ya viatu vyetu.

"Wifi, kaa ule," nikamwambia. "Si kazi yako tena. Hawakulipi kwa hilo, hawatakushukuru, na wakikukuta mle ndani wanaweza kukushtaki. Waache waumbuke. Unawaendea nini watu hawa?"

Alivaa kiatu kimoja, akasimama na cha pili mkononi, akanitazama kama anayeulizwa swali la mtoto.

"Kesho unafulia wapi?"