Mama alivyovuka mto Pangani kufuata nusu ya jua

Wakuu, heshima zenu. Haya yalinikuta mwenyewe nyumbani kwetu Pangani. Chumvi sijatia, sukari labda kidogo.

Ilikuwa miaka ile ya foleni za sabuni, ndiyo kwanza bidhaa za nje zimeanza kuruhusiwa. Mama aliuza vitumbua. Karatasi za kufungia alipewa na jirani yetu mwenye duka, Bwana Hasanali: magazeti ya kizungu yaliyokuja yamefungiwa vikombe.

Mimi nipo Form Three, nayasoma kabla hayajaloa mafuta.

Siku moja nikakuta makala yenye picha ya jua, nusu ukurasa huu, nusu ule.

Eti kuna dark matter, kitu kisichoonekana, na huenda kinazama ndani ya jua. Chembe zake zikikutana humo zinaangamizana, zinatoka chembe nyingine ziitwazo neutrino, ambazo hata mwamba zinapenya. Basi wanasayansi wamefukia mitambo chini ya ardhi kuzisubiri.

Wakuu, nilipagawa!

Jumatatu ilikuwa zamu yangu kuzungumza klabu ya sayansi, na mwalimu angechagua mmoja wa kwenda mashindano Tanga mjini. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikatumwa maji.

Kurudi, wa pili umeshafungia vitumbua.

Nikamwambia mama hajasoma ndiyo maana. Mama aliyehitimu msahafu! Naona aibu hata kuandika.

Mama akaepua chuma cha vitumbua, akavaa buibui, akatoka. Karatasi ya nusu jua aliikumbuka kwa picha: ilikwenda kwa rafiki yake Bi Mwanaidi, Bweni, ng'ambo ya mto. Akapanda pantoni.

Alirudi adhuhuri, karatasi inang'aa mafuta.

"Haya, soma. Wameshakiona hicho kitu?"

Nikasoma mpaka mwisho. "Bado, mama."

"Ala! Mie nimevuka mto kufuata bado?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwomba radhi huku nalia.

Mashindano nilikwenda, sikushinda. Sasa mama ni mtu mzima sana. Nikimpigia simu, shikamoo haijaisha anauliza, "Wameshakiona?"

"Bado."

"Wasichoke. Mie karatasi yangu niliipata."

Nilichojifunza: chungeni midomo kwa mama zenu. Nampenda huyu mwanamke, basi tu.

Na wewe mkuu, nani aliwahi kukuhangaikia kwa jambo asilolielewa? Tiririka hapa chini.