Friza la Mama Mkwe

Jambo la kwanza linaloonekana kwa Ussi ni namna anavyookota kijiko. Kikimponyoka, hainami kama watu wengine. Hutanguliza mguu mmoja, hukunja magoti, mgongo umenyooka kama mlingoti, kisha huinuka nacho taratibu utadhani amebeba gunia la mchele. Wageni hucheka. Watu wa Kilindoni wamekwishamzoea, kwani wanaijua kazi yake: kuhamisha mafriji, majiko ya gesi na mashine za kufulia kwa guta lake la magurudumu matatu, na kuyafikisha bila mkwaruzo.

Juzijuzi alipata mzigo uliomtoa jasho kabla hata hajaushika. Mama mkwe wake, Bi Mwanaharusi wa Kiegeani, alikuwa amedunduliza pesa za misimu kadhaa ya mwani hadi akanunua friza. Si dogo: pana kama sanduku la bibi harusi, mfuniko wake juu. Alitaka kuwauzia wavuvi barafu, aachane na kushinda majini kufunga mwani, maana kiuno kilishamkataa. Friza hilo likiharibika, hakuna la pili.

Ussi alilifikisha salama, limefungwa wima gutani, magodoro pande zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Limefika zima?"

"Zima, mama. Tuliweke wapi?"

"Chumbani kwangu."

Ussi akatazama vidole vya miguu yake. Chumba anacholala mama mkwe, mkwe mwanamume hakikanyagi. Hata kuchungulia ni utovu wa adabu.

"Ukumbini hapafai, mama?"

"Ukumbini kila apitaye atafunua aone kama limeganda. Baridi yote itaishia usoni mwao!"

Shemeji yake Zubery, mtoto wa kiume wa Bi Mwanaharusi, aliangua kicheko. "Leo fundi wa kubeba atabebea mlangoni!"

"Wewe cheka tu," Ussi alimjibu. "Vua kandambili, vaa viatu. Likikushukia kidoleni hutacheka."

Kabla ya kugusa chochote, alipima mlango kwa ufito, akaung'oa ubao wake kwenye bawaba ili upatikane upenyo. Akaondoa mkeka na ndoo njiani. Kisha akawapanga watu: yeye na Zubery mbele, jirani yao Iddi na mwanawe mkubwa nyuma, mikanda mipana imepita chini ya friza.

"Magoti ndiyo yanayonyanyua, si mgongo. Msijipinde kiuno, geukeni kwa miguu. Aliyechoka aseme, asiachie. Bismillahi!"

Friza likapanda kama mto wa pamba. Likakata ukumbi, likafika kizingitini. Hapo Ussi alilitua, akamwita kaka wa jirani Iddi, aliyekuwa akitazama barazani, aushike mkanda badala yake, naye akaugeukia ukuta, mgongo kwa chumba, akaanza kuongoza kwa mdomo.

"Mko wapi?"

"Tuko na friza!" Zubery alijibu.

"Najua mko na friza! Mmefika kona ipi?"

Badala ya jibu alisikia miguno na kitanda kikisukumwa.

"Mbona hamsemi?"

"Mambo shwari, shemeji. Kitanda kilituzuia, tukalilaza ubavu kama mtumbwi unaozibwa nyufa kwa kalafati. Limepita laini kabisa!"

Ussi akajishika kichwa. Mtumbwi ukilazwa ubavu haudhuriki, lakini friza lina mota chini, na ndani ya mota mna mafuta. Likilala, mafuta hukimbilia kwenye mabomba. Ukiliwasha papo hapo, mota inaweza kufa siku hiyo hiyo.

"Lisimamisheni! Polepole!"

Wakati huo Bi Mwanaharusi alikuwa ameshampita na beseni la vifuko vya maji. Ussi akasikia waya ukiburutwa sakafuni.

"Mama, usichomeke!"

Hakuna aliyewahi kumsikia Ussi akimpigia kelele mkwewe. Yeye mwenyewe alitamani ukuta umfiche.

"Niwie radhi, mama," alisema, paji la uso limegusa chokaa. "Mafuta ya mota yamehama. Yakirudi mahali pake, litawaka bila shida. Likiwashwa sasa, huenda likafa."

Kisha Bi Mwanaharusi akacheka, kicheko cha kutoka tumboni.

"Kumbe sauti unayo! Mimi miaka yote nadhani binti yangu Umi kaolewa na bubu. Haya, mpaka lini?"

"Mpaka kesho asubuhi, mama."

"Na litawaka?"

"Inshallah," alisema Ussi, na hakuthubutu kuongeza neno.

Sasa waya umezungushwa na kufungwa kwa kipande cha kanga, Zubery asije akaingiwa na haraka. Vifuko vya maji vimejaa, vimepangwa kwenye beseni. Manahodha wawili wameshatuma salamu kuulizia barafu. Ussi na Umi wanalala hapa hapa Kiegeani, na mpango umekubaliwa: baada ya sala ya alfajiri Bi Mwanaharusi atachomeka kwa mkono wake, naye Ussi atasimama nje chini ya dirisha, sikio ukutani, akiisubiri mota ingurume.