Baba wa Kwenye Kaseti

Enzi zetu pale Kibiti gemu halikukaa mfukoni, lilikaa kwa Bi Tatu. Na niseme mapema, hii hadithi inaniumbua. Ila mpwa wangu Sudi keshaanza kuisambaza kijiweni, tena na chumvi kaongeza, kwa hiyo bora nijiumbue mwenyewe kwa kipimo changu.

Bi Tatu alikuwa anakaanga mihogo kando ya barabara. Mwanawe alipopata kazi Dar alimwachia TV yenye kisogo kama mtungi, mashine ya gemu na kaseti. Moja tu. Bi Tatu akafunga turubai ubavuni mwa nyumba, akapanga mabenchi, ndo likawa banda. Humo ndani kuna moshi wa mihogo, harufu ya petroli ya jenereta, na jasho letu la kutoka shule. Pedi ya kuchezea huigusi mpaka unawe, maana vidole vyote pilipili. Mkibishana sana, Bi Tatu anachungulia na mwiko: "Nazima! Wallahi nazima, mkacheze na kinu!" Tunapoa kama tuko madrasa.

Sasa hiyo kaseti. Juu yake kulikuwa na picha ya jibaba, kifua kama mlango, ndevu mpaka kitovuni, kashika upanga, joho la bluu linapepea. Unawasha gemu, unamsubiri jibaba. Hatokei! Kinatoka kijitu kifupi, kichwa kikubwa, hakina shingo, hakina ndevu, hakina upanga, kimevaa kofia nyekundu. Kinakimbia, kinaruka mashimo, kinaokota vitu vinavyong'aa. Tulicheza Ramadhani nzima, jibaba hakuonekana.

Tukagombana. Rafiki yangu Mwarami akasema waliobandika picha wamekosea kaseti. Wengine wakasema jibaba yuko mbele huko, hatujamfikia. Ndipo mimi, fundi wa kila kitu, nikatoa jibu: "Nyie hamuoni? Yule wa kwenye kaseti ni baba yake. Kamtuma dukani."

Mwarami akanyoosha kidole kwenye zile namba za juu ya kioo, zile zinazopungua, zikiisha tu kijitu kinakufa. "Na zile?"

"Mate," nikamjibu.

Mliokua wakati wetu sina haja ya kuwaeleza. Mama anatema mate chini, pwa! Anakwambia, "Haya, kalete mafuta ya taa. Mate haya yakikauka hujarudi, utanitambua." Unatoka mbio, unaruka mitaro, unaruka kuku wa watu, chupa mkononi, na jua lile la Kibiti, mate yenyewe yatakaa muda gani? Basi gemu lote likaeleweka. Mashimo ni mitaro. Vinavyong'aa ni chenji kaiangusha, anaiokota. Tangu siku hiyo namba zikikaribia kwisha banda zima linalipuka: "Mate! Mate yanakauka!" Hata watu wazima waliofuata mihogo wakawa wanaingiza vichwa na kupiga kelele na sisi.

Kisha kule stendi likafunguliwa banda lingine. Kaseti tele, mabango ya rangi ukuta mzima. Watoto wote wakahama, kwa Bi Tatu tukabaki mimi na Mwarami kama wafiwa. Bi Tatu akaanza kusema TV atamuuzia kinyozi. Nikaona maisha yangu yanaondoka na ile TV. Nikamwambia, "Bi Tatu, nipe ukuta."

"Ukuta wangu uufanye nini?"

"Nichore."

"Ukiuchafua utaulamba, Shabani."

Baba yangu mdogo alikuwa fundi mashua Nyamisati. Nikamwomba masalio ya rangi, nikapata bluu, nyekundu na nyeupe. Ndevu za jibaba nikazipaka masizi ya jiko la mihogo. Nikamkalisha jibaba kwenye kigoda na joho lake, upanga kauegemeza pembeni kama jembe. Chini ya miguu yake nikadondosha tone la mate, kwa ile nyeupe ya mashua inayong'aa kama bado mbichi. Upande wa pili kijitu kinakimbia, kofia nyekundu, chupa ya mafuta ya taa mkononi. Hakuna aliyeuliza maana yake. Watoto walirudi wenyewe! Abiria wa kwenda Chumbi wakipita wanasimama, wanacheka, wananunua mihogo. TV haikuuzwa. Leo saluni nyingi mnazoziona Kibiti, zile sura za ukutani ni mkono wangu. Shule niliishia la saba, chuo changu ni ukuta wa Bi Tatu.

Sasa huyu Sudi, mtoto wa dada. Ukimtuma chumvi anampigia simu mwenye duka ailete. Ukimtemea mate chini atakuuliza kama una kikohozi. Gemu lake liko kwenye simu, mtu wake unamwona mpaka vinyweleo, hakuna ulichobakishiwa cha kuongeza. Na anacheza peke yake, masikio kayaziba. Juzi kalikuta gemu letu humo humo, na historia yake.

"Mjomba, huyu na huyu ni mtu mmoja."

Akanionyesha jibaba na kijitu. Wachoraji walimchora jibaba mwanzo, gemu lenyewe halijakamilika. Mashine za zamani zilikuwa na uwezo mdogo, mtu mzima anajengwa kwa vidoti vichache, basi ndevu zikanyolewa, upanga ukaondolewa, akavishwa kofia maana nywele zilikuwa tabu kuchora. Kaseti ikatoka na picha ile ile ya mwanzo. Magemu yaliyofuata akapewa shingo, mwishoni na ndevu akarudishiwa.

"Hakuna baba hapo, mjomba! Mlikuwa mnamsubiri mtu mnayemchezesha!" Alicheka mpaka akakaa chini.

Iliniuma. Na ni wiki hiyo hiyo kampuni ya simu ilikuwa inautaka ukuta wa Bi Tatu, waupake tangazo. Nilipofika nikakuta vijana washafungua makopo, wanamsubiri yeye tu aseme ndiyo. Bi Tatu kazeeka, macho yamefifia, lakini mihogo bado anakaanga. Ndevu za masizi zilishachujuka kitambo, jibaba kawa kijana kuliko mimi. Nikamsimulia yote ya Sudi, nikamwambia, "Waache wafute tu, Bi Tatu. Nilichora uongo."

Akageuza mihogo kwanza. Halafu akawaambia wale vijana, "Wanangu, fungeni makopo. Mtoto hajarudi."

"Mtoto yupi, bibi?"

Bi Tatu akanyoosha mwiko ukutani, pale chini ya miguu ya jibaba, akanigeukia mimi.

"We Shabani, wewe ndo mwenye macho. Mate yale yamekauka?"