Bati la Mwisho

Harufu ya risasi ya kulehemu hunikosesha utulivu hadi leo. Nilipokuwa mdogo kule Mtoni, baba, fundi bati, alibakiwa na bati moja, na mama alihitaji pipa la maji lenye mfuniko.

"Usikate kwanza, baba," alisema dada, aliyekuwa kidato cha sita. "Hesabu ya kalkulasi itatuonyesha umbo linalokula bati kidogo."

Baba alizunguka uani na mkasi wake. Dada aliandika, akafuta, akaanza upya.

"Kimo kilingane na upana wa mdomo," alisema hatimaye.

Baba akampa mkasi. "Kata mwenyewe."

Dada alichora mistari kwenye bati, akakata. Mie nilishindwa hata kukaa. Bati likatosha. Baba akalehemu, mama akajaza maji, sote tukainama kutazama. Pipa halikuvuja.

Jioni baba aliwaambia majirani, "Hili kalipima binti yangu."