Siku Niliyomficha Kaka Yangu

Siku moja, mwanangu, kaka yangu alinikuta jikoni nikinusa kikombe chake. Mpaka leo nikiikumbuka siku hiyo naona aibu, ingawa yeye alicheka.

"Umepata nini, Aichi?" aliniuliza. "Mimi nilipata tangawizi."

Nikamwambia nilikuwa naangalia kama kikombe ni kisafi. Akakichukua, akakisuuza, akakirudisha kabatini.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba mimi si mzee. Nina miaka thelathini na mbili. Lakini kwetu Marangu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na dada yangu Manka anao watano, kwa hiyo neno mwanangu limeshazoea mdomo wangu. Nalitumia kwako kwa sababu nadhani nyumbani kwenu yupo mtu kama kaka yangu, au huenda mtu huyo ni wewe mwenyewe, na sitaki urudie kosa langu.

Kaka yangu anaitwa Aminieli, nyumbani tunamwita Amini. Alikuwa mpagazi mlimani, mmoja wa wale tunaowaita wagumu. Alianza kunywa kama wenzake wote walivyoanza, bia moja ya kupongezana wakishuka salama. Kisha zikaja zile wiki za mvua kubwa ambazo wageni hawapandi na kazi hakuna, akawa anakunywa kwa kukosa la kufanya. Mwisho akawa hawezi kushika kikombe cha chai asubuhi bila kupata kwanza pombe kali ya kutuliza mikono. Kila mtu nyumbani alikuwa na jina lake kwa jambo hilo. Mama aliliita shetani, Manka aliliita uvivu, mimi niliyesoma nililiita kukosa nia. Mara tatu aliapa mbele yetu, mkono juu ya Biblia ya marehemu baba, kwamba ameacha. Mara tatu tukamwona mwongo. Sasa najua kwamba kila alipoapa alikuwa akisema kweli. Kiapo kilitoka moyoni, ila mwili ulikuwa umeshajifunza jambo lake, na ule mwili haukuwapo kwenye mazungumzo.

Baadaye alikubali kwenda kwenye nyumba ya upataji nafuu mjini Moshi, akakaa miezi minne. Akarudi amenenepa, anaamka mapema, anafuga kuku. Nami nikarudi nyumbani kutoka Rau, nilikokuwa nimepanga chumba nikisubiri ajira isiyokuja. Shahada yangu ni ya mipango, mwanangu. Nilipokosa ofisi ya kupangia, nikampangia kaka yangu. Nilikuwa na daftari. Niliandika rangi ya macho yake, muda aliokaa chooni, watu waliompigia simu. Akichelewa dukani dakika kumi, mimi tayari nilishamwona amelala mtaroni, nimeshamzika, na nimeshawaza nani atasoma historia ya marehemu kanisani.

Miezi mitano ilipita hivyo. Ndipo watu wa mchumba wangu, wa kule Machame, wakatuma habari kwamba wanakuja kuleta posa.

Kwetu posa haiji mikono mitupu. Wageni huja na mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Anayeileta huionja kwanza kuonyesha kwamba ni salama, kisha kata, yaani kibuyu cha kunywea, hukabidhiwa mwenye nyumba. Akinywa, mazungumzo yanaanza. Asipoigusa, wageni huelewa kwamba hawatakiwi, na waliojaa kiburi huondoka hapo hapo. Baba alishafariki. Nyumba na kihamba, yaani migomba na kahawa inayotuzunguka, ni vya Amini kwa sababu ndiye mtoto wa kiume wa mwisho. Kiti cha mwenye nyumba kilikuwa chake, na kata ilikuwa yake.

Nililifikiria jambo hili wiki mbili. Akinywa, miezi yake tisa imekwisha. Asiponywa, ndoa yangu imekwisha. Akijifanya anakunywa, harufu peke yake inatosha. Akitoa maelezo, watu wa Machame watasema binti anatoka ukoo wa walevi. Nilizunguka humo mpaka nikapata mpango niliouita hekima. Amini alikuwa ameagiza vifaranga Bomang'ombe. Nilimpigia muuzaji nikamwomba amwambie avifuate Jumamosi ile ile, asubuhi. Baba Mdogo angekaa kwenye kiti. Mama na Manka niliwakataza wasitamke neno, nao wakanyamaza, kwa sababu wote tuliogopa kitu kimoja.

Sasa sikia kilichotokea. Jumamosi asubuhi Amini akiwa stendi ya Marangu Mtoni anasubiri gari, likasimama mbele yake gari dogo la mizigo lililobeba mikungu ya ndizi na mapipa mawili yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba. Akawaamkia. Mzee aliyekaa mbele akaitikia marahaba, akamuuliza njia ya kwenda kwa marehemu Mzee Eliakimu.

"Pandisheni na lami," Amini akamwambia. "Mkipita kanisa kunjeni kulia, mtaona kihamba chenye uzio wa mimea ya masale. Punguzeni mwendo kwenye kona, pana utelezi. Kuna nini huko, mzee?"

"Tunakwenda kuposa, kijana wangu. Yule binti yao mdogo, Aichi."

Aliwatakia safari njema. Gari lilipoondoka akavuka barabara akaingia kilabuni.

Posa ilipokelewa vizuri. Baba Mdogo alikunywa kata yote akajifuta midomo, akinamama wakapiga vigelegele, nami nikajiona nimefaulu mtihani. Vifaranga havikufika siku hiyo, wala Amini. Alirudi siku ya nne, amepoteza kiatu kimoja, anatetemeka. Tulimkimbiza hospitali. Muuguzi aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria pamoja na kufikiri kwangu kote, kwamba mtu ambaye mwili wake umezoea pombe akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege hata akafa, na kwamba kumfungia mtu chumbani eti aache, kama watu wengi wanavyofanya, ni hatari.

Alipopata nafuu kidogo nilikwenda kwa Shangazi Ndeshi, dada yake baba, ambaye ndiye mpika mbege wa ukoo wetu. Nilitarajia anihurumie. Nilimkuta anakoroga uji wa ulezi kwenye sufuria kubwa.

"Shikamoo, Shangazi."

Aliendelea kukoroga mpaka nikadhani hakusikia.

"Marahaba," akasema mwishoni. "Kaka yako alipokuwa mlevi, alikaa kwenye kiti cha baba yake au hakukaa?"

"Alikaa."

"Krismasi ile aliyoitapikia kapeti, alikaa wapi?"

"Kwenye kiti, Shangazi."

"Basi mlevi tulimwacha akae. Alipoacha pombe, wewe msomi ndipo ukamtoa. Akiwa hai! Sisi wengine tunasubiri kufa ndiyo tutolewe kwenye viti vyetu."

Nikaanza kueleza. Nikasema nilitaka kumlinda.

"Ulijilinda wewe," akanikata. "Hukuogopa yeye kunywa. Uliogopa kuonekana na kaka wa namna hiyo. Shika mwiko, mkono wangu umechoka."

Nilikoroga uji ule huku nalia, na hakuniambia ninyamaze. Nimesoma vitabu vingi kuhusu ulevi baada ya hapo, mwanangu, lakini hakuna kilichonipasua kama maneno yale. Alikuwa amesema kweli. Aibu yangu niliivika nguo ya upendo, na kaka yangu aliitambua pale stendi alipoulizwa njia ya kwenda kwake mwenyewe.

Amini alirudi kwenye ile nyumba ya Moshi. Nilikwenda kumwona, nikamwomba msamaha. Mshauri wao, mama mmoja mpole ambaye naye aliwahi kunywa, alikaa nasi. Nilimwambia nimeiharibu miezi tisa ya kaka yangu. Akatikisa kichwa. Alisema miezi ile haikufutika. Mtu aliyejifunza kutembea akianguka, miguu haisahau. Wengi huanguka kabla hawajasimama moja kwa moja, na anguko linafundisha kama mtu atakubali kulichunguza badala ya kulifunika. Ndipo Amini akasema, bila ukali, "Aichi alinificha, ndiyo. Lakini miguu iliyovuka barabara ilikuwa yangu." Mama yule akatabasamu. Nilielewa kwamba kaka yangu alikuwa amepona sehemu ambayo mimi bado naumwa.

Nilimwomba yule mama anifundishe namna ya kumchunga vizuri zaidi. Akaniambia nilitupe daftari, nitafute watu wenye ndugu kama wangu, tukae tuzungumze habari zetu sisi. Nilikwenda. Kumbe hata wasiwasi unaweza kumkamata mtu kama pombe, anauamkia asubuhi na hawezi kuuacha kwa kuapa.

Watu wa Machame walikuja tena baada ya miezi saba kumalizia mambo ya mahari. Safari hii nilimfuata Amini bandani kwa kuku wake nikamwambia tarehe. Kisha nikauliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza hata siku moja.

"Wewe unataka iweje?"

Aliendelea kumwaga pumba. "Nipe siku mbili," akasema.

Baada ya siku mbili alikuwa na mpango bora kuliko yangu yote. Angekaa kwenye kiti chake. Shangazi angekaa mkono wake wa kulia. Rafiki yake mmoja wa kule Moshi, anayeacha pombe kama yeye, angekuja kama mgeni. Kata ikishapita, wao wawili wangetoka kwenda bandani. "Nikiona mambo yamenishinda nitanyanyuka hata kabla," akasema. "Na wewe usinifuate."

Siku ilifika. Mzee wa Machame alionja mbege, akaijaza kata, akaisogeza mbele ya Amini. Kisha akamkazia macho.

"Wewe si ndiye kijana uliyetuelekeza njia?"

"Ndimi, mzee."

"Kumbe ni kwako! Siku ile hatukukuona humu ndani. Ulikwenda wapi?"

"Nilikwenda kunywa," akasema Amini.

Niliuma ulimi. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusimama na kueleza. Shangazi akanitazama, nikabaki nimekaa.

Amini aliipokea kata kwa mikono miwili. Sauti yake ilitetemeka, ila aliyasema yote. "Mimi ni mgonjwa wa pombe, mzee. Naendelea kupata nafuu. Nikionja hii, sitakuwa mwenye nyumba tena, itakuwa ndiyo mwenye nyumba. Kijana wenu nampenda na posa yenu naipokea. Shangazi yangu atakunywa kwa niaba yangu." Akampa Shangazi kata. Naye akanywa, polepole, macho yake kwa wageni, kana kwamba anasubiri mtu athubutu kusema neno.

Mzee wa Machame akavua kofia akaiweka gotini.

"Mimi nina sukari," akasema. "Kila sherehe wananijazia soda, nami nakunywa kwa kuona haya, nikirudi nyumbani naumwa wiki nzima. Kumbe mtu anaweza kusema tu? Mama, niletee maji. Ulete na ya huyu kijana, tugonganishe."

Watu wakacheka. Amini akacheka, kisha akafuta macho kwa kiganja. Maji yakaja, wakanywa pamoja, mazungumzo yakaanza. Baadaye yeye na rafiki yake wakatoka kwenda bandani, nami sikumfuata.

Yapata miaka mitatu sasa. Amini bado anakwenda mkutanoni Moshi kila wiki. Desemba, ndugu wanaporudi kutoka mijini na kila kihamba kina mbege, humwia vigumu, na husema hivyo mezani, nasi hupanga siku kwa kufuata maneno yake. Zipo asubuhi anazoamka na hamu kana kwamba alikunywa jana. Hupita. Anasema hajawahi kuona moja ambayo haikupita.

Basi mwanangu, ukiwa na mtu wa namna hii nyumbani, mpeleke kwanza hospitali, usimfungie wala usimkatishe ghafla. Mwite mgonjwa bila kumwondolea wajibu wake, maana hata mgonjwa anaweza kupewa kazi, kiti na heshima. Usimfiche. Kabla ya kupanga lolote linalomhusu, muulize, kisha uvumilie siku mbili za jibu. Akianguka, msaidie asimame upesi, na usihesabu kuanzia mwanzo kana kwamba hakuwahi kutembea. Na kama mtu huyo ni wewe, tafuta mtu mmoja wa kumwambia kweli, leo, kwa sauti, hata kama inatetemeka. Kuacha si kiapo kikubwa cha siku moja. Ni jambo dogo unalolifanya tena kesho, ukiwa na watu.

Mungu wa baba zetu akupe mwili unaopona, ulimi usioona haya kusema kweli, na nyumba ambayo ukiingia watu wanasogea kidogo ili ukae. Uende salama, mwanangu, na asubuhi ngumu zote zikupite.