Historia ya Marehemu Niliyoisoma Nusu

Nakumbuka asubuhi moja ya wakati wa vita, mwanangu, mji wetu wa Bukavu ukiwa mikononi mwa waasi. Nilikuwa asistenti, mwalimu msaidizi kijana wa Kiingereza chuoni, na nilikuwa nimeanza kitabu changu cha kwanza, maisha ya mshairi mmoja mzee wa mtaa wa Nyalukemba. Alinipokea kwake kila Jumamosi, akanisimulia. Leo mnaniita profesa, na vitabu nilivyoandika juu ya maisha ya waandishi vimejaza rafu. Wakati ule nilikuwa na kurasa chache tu, na kiburi cha kutosha.

Mzee akafa. Askari wa waasi walimpiga kwenye kizuizi cha barabara ya Nyangezi kwa sababu ya shairi lake moja lililowasema, akarudishwa nyumbani, hakupona. Tuliojua ni mkewe na mimi, maana alinieleza mwenyewe kitandani; wanawe waliambiwa ni ugonjwa.

Desturi yetu unaijua: kabla jeneza halijatoka uani, mtu husimama akasoma historia ya marehemu, alikozaliwa, alikosoma, alivyofariki. Familia ikanipa kazi hiyo. Niliandika yote. Walimu wangu walinifunza kwamba anayeandika maisha ya mtu hafichi kitu, nami nililishika hilo kama katekisimu.

Asubuhi hiyo ya maziko mjane, Maman Nsimire, akaniita jikoni nimsomee kwanza. Nilipofika kwenye habari ya kizuizi akanishika mkono.

"Ile usisome leo. Batoto yangu habajue. Bakisikia, kesho bako mu pori na bunduki. Nazika bwana, sitaki kuzika na batoto."

Wanawe wawili walikuwa nje wakipanga viti. Nilikasirika, sikufichi, niliona ananitaka nimsaliti mzee. Nikamuuliza ukweli wa baba yao utabaki wapi.

"Kwako," akasema. "Njo maana nilikuita wewe."

Nikaelewa ndiyo sababu alinichagua mimi, niutunze. Nikatoka, nikasoma kwamba mzee aliugua, akafariki. Vijana wakabeba jeneza la baba yao. Hawakwenda porini.

Miaka ikapita, vita vikatulia. Maman Nsimire akatuita, wanawe na mimi, akasimulia yote kwa kinywa chake. Mkubwa, ambaye sasa alikuwa na watoto wake, alitoka nje. Aliporudi alisimama mbele ya mama yake.

"Maman, ulitufichaka."

"Njo maana muko hapa," akajibu.

Akaketi karibu naye. Kitabu kilitoka na kila kitu ndani, na ni mwana huyo mkubwa aliyelipia chapa ya kwanza.

Wewe unayetaka kuandika maisha ya watu, mwanangu, uliza yote, uandike yote, usigeuze kitu. Ila kabla ya kusoma, tazama waliokaa mbele yako, ujiulize neno lako litawapeleka wapi. Marehemu anaweza kungoja, walio hai hawawezi. Na saa ya kusema ikifika, usijifanye umesahau. Mungu akupe watu watakaokuamini na mambo yao mazito, na akuweke mzima hadi siku ya kuyasema.