Sauti za Wagonjwa wa Ahero

Wakili wetu, mwanzilishi wa kampuni, huvua viatu akiingia ofisini Milimani, na mtu akianza kuzungumza naye huifunga kompyuta. Kupitia programu yake ya simu, wagonjwa wa Ahero hurekodi kwa Kijaluo maumivu, usingizi na huzuni zao, na wauguzi huwajibu. Jana Bwana Muturi, mwekezaji kutoka Nairobi, alitaka kununua rekodi hizo. Bila hizo hawekezi.

"Tutaondoa majina, Wakili."

"Mama yako akilia bila kutaja jina, hutamjua?"

Muturi akafunga mkoba. Nilitamani kupiga meza kwa furaha, ingawa mishahara yetu ilikuwa ikiondoka naye. Wakili alimshika mkono, akamsogezea sahani ya dagaa, akacheka kile kicheko chake kizito.

"Kula kwanza, Baba. Njia ya Nairobi ni ndefu, na omena yangu haina masharti."